Tairi Lililoshusha Wanawake Kumi na Wanne

Nje ya karakana ya Nachimuthu, pale barabara ya Namakkal inapoanza kuukaribia mlima wa Kolli, pana ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili mabovu ya trekta, na juu ya ubao huo hakuna jambo la dunia ambalo halijawahi kuamuliwa. Hatua tatu kutoka hapo ndipo penye jiko la Ponnuthayi, ambaye wateja humwita Mama Povu kwa jinsi anavyoimimina kahawa ya maziwa kutoka juu ya kichwa mpaka chini ya kiuno bila kumwaga tone. Wazee wa ubao huo ni walewale kila siku: Velliangiri, dereva mstaafu wa malori, jina lake la kijiweni Themanini, kwa sababu anaapa hajawahi kuvuka mwendo huo maisha yake yote, Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mitano na sasa anaendesha kigari chake kidogo cheupe kwenda kununua mboga, na Nachimuthu mwenyewe, fundi wa matairi, anayeitwa Sikio kwa kuwa hugonga tairi kwa nondo na kukwambia lina upepo kiasi gani kabla hajachukua geji. Lakini asubuhi hiyo macho yote yalikuwa kwa Sengottaiyan, mkulima wa mihogo, mtu ambaye kwa uchache wa maneno yake walimbatiza Kimya. Alikuwa amekaa mwisho wa ubao, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi, na mbele ya miguu yake limelazwa tairi la mbele la pikapu yake, ubavu umefunguka kama mdomo.

— Haya, sema tena, alisema Themanini. Ulianza kulisikia kona ya ngapi?

— Thelathini na tisa, alijibu Sengottaiyan.

— Kona thelathini na tisa kutoka chini. Na umepakia wanawake kumi na wanne.

— Na magunia ya pilipili manga.

— Na magunia. Mwalimu, umesikia? Zimebaki kona thelathini na nane mbele yake, bonde huku, ukuta huku, na tairi la mbele limeshachanika.

— Nimesikia, Mwalimu alisema taratibu. Tangu nimeamka sijasikia kingine.

Habari yenyewe ilikuwa imeshazunguka mji mzima. Jana Sengottaiyan alikuwa anawashusha wanawake wa mlimani, wanaoleta mazao yao gulioni, kama anavyofanya kila siku ya soko. Usukani ukaanza kuvuta kushoto. Ukaanza na mdundo, du, du, du, chini ya mguu wake. Hapakuwa na pa kusimama; nyuma yake linashuka basi, mbele linapanda lori la mawe. Akaweka gia ndogo na kushuka nalo hivyohivyo, kona moja baada ya nyingine, mpaka akafika tambarare. Wanawake wakashuka, wakavuka barabara kwenda kunywa maji. Hapo ndipo tairi lilipopasuka, gari limesimama, hamna mtu ndani. Mlio wake uliangusha vigae viwili vya paa la kibanda cha ndizi.

Usiku kucha Sengottaiyan hakulala. Kila alipofumba macho alihisi ule mdundo kwenye nyayo. Asubuhi mdogo wake, Marudhan, alimshusha hapa na tairi lake bovu, akaendelea na pikapu kupanda mlimani, kwa kuwa leo pia ni siku ya soko na wanawake walewale walikuwa wanasubiri. Upande wa kushoto walikuwa wamefunga spea. Sengottaiyan alitaka kuendesha mwenyewe, lakini Marudhan alikuwa ameshachukua ufunguo.

Nachimuthu alichuchumaa, akapitisha kidole ndani ya ule mpasuko. Alifanya hivyo polepole, na ubao mzima ukainama kumtazama.

— Hapa pamepita jiwe, alisema. Si jana. Miezi miwili, mitatu. Jiwe lenye makali lililikata ulipopanda ukingo wa barabara ukimpisha mtu. Unakumbuka?

Sengottaiyan alifikiri.

— Basi la harusi. Nilipanda ukingo kulipisha.

— Ndilo hilo. Na hapa, tazama pembeni, limelika zaidi kuliko katikati. Wiki nyingi umetembea na upepo pungufu. Umepunguza ili wanawake wasirushwe kwenye mashimo.

— Walilalamika migongo.

— Najua walilalamika. Limeandikwa hapa.

Themanini alitikisa kichwa. Alikuwa amemjua Nachimuthu miaka ishirini na bado jambo hili lilimshangaza: mtu anagusa mpira kwa kidole halafu anakusimulia ulikopita.

— Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, Nachimuthu aliendelea, kabla hujatoka nyumbani. Sio umeshatembea saa nzima ndio unakuja kwangu. Tairi la moto linadanganya. Na upepo pungufu ndio unaoua, kuliko hata mzigo. Ubavu unajikunja na kujikunjua, unachemka kwa ndani, wewe huoni kitu. Shambani sawa, trekta lako likiwa kwenye matope ulipunguzie kidogo likanyage vizuri. Ukirudi lami, ulijaze. Hilo unalifanya kwa trekta. Kwa pikapu hukufanya.

— Sikufanya, alisema Sengottaiyan.

— Sawa, Mama Povu alidakia akiwa jikoni, tumeelewa kwa nini lilichanika. Mimi nataka kujua kwa nini halikupasuka.

Hilo ndilo swali walilokuwa wakilizunguka tangu saa moja. Themanini akawahi.

— Tairi linamjua dereva wake. Msinicheke. Mwaka ule natoka Nagpur na shehena ya nyuzi, tairi la nyuma la ndani limeisha nguvu, lile pacha lake limebeba uzito wote peke yake. Matairi pacha ya lori lazima yalingane urefu, yasipolingana moja linamfanyia kazi mwenzake. Basi nikazungumza nalo. Nikaliambia, vumilia, nyumbani kuna binti mdogo. Kilomita mia tatu. Nilipolivua, ndani mlikuwa mmebaki unga.

— Ulizungumza nalo kwa lugha gani? aliuliza Mwalimu.

— Kitamili. Wewe ulitaka nizungumze lugha gani?

— Tairi limetengenezwa huko kaskazini.

— Limeishi huku.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa kupanga hoja zake kama alivyokuwa akipanga chaki.

— Jambo hili ni la hewa, alisema. Hewa ikipata joto inatanuka. Hiyo ni sayansi. Tairi limechemka, hewa imetanuka, inatafuta pa kutokea. Lakini Kimya alikuwa mlimani. Huko juu hewa ni nyepesi. Alijaza upepo wapi?

— Kule juu, kwa fundi wa baiskeli, alisema Sengottaiyan.

— Basi. Hewa ya juu ni nyepesi, haina nguvu ya kupasua. Kadiri alivyoshuka, hewa ya nje ikawa nzito, ikalishikilia tairi kutoka nje, kama mtu anavyomshika mgonjwa mabega. Alipofika chini...

— Alipofika chini ndipo hewa nzito iko nyingi zaidi, Nachimuthu alimkatiza. Na ndipo lilipopasuka.

Mwalimu alifikiri kidogo.

— Hapo bado napafanyia kazi, alisema.

— Nyote mnazungumzia tairi, alisema Mama Povu. Hakuna anayewazungumzia wanawake. Binamu yangu alikuwemo humo. Ameniambia kuanzia kona ya thelathini na tisa hakuna aliyepumua. Kumi na wanne. Mnajua pumzi ya watu kumi na wanne ina uzito gani? Walijizuia wote, wakawa wepesi. Walibebana wenyewe.

— Mtu hapungui uzito kwa kutopumua, Mwalimu alisema.

— Wewe uliwahi kushuka kona thelathini na nane bila kupumua?

Mwalimu akakiri hajawahi.

— Limau, Themanini alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kitu kizito. Siku matairi yalipofungwa, uliweka malimau chini ya magurudumu, uyapasue kuondoa mkosi?

— Niliweka, alisema Sengottaiyan. Mke wangu aliyapanga.

— Mangapi?

— Manne. Hili hapa lilipita juu ya limau likaliruka, halikulipasua. Mke wangu akanirudisha nyuma, nikalikanyaga tena.

— Mara mbili, Themanini alisema, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Tairi hili lilikanyaga limau mara mbili.

Hata Mwalimu hakupinga. Walilitazama lile tairi pale chini, lenye vumbi jekundu la mlimani kwenye kashata zake, yale meno ya kukanyagia, ambazo bado zilikuwa ndefu, hata vile vinyweleo vya mpira mpya vilikuwa havijaisha ubavuni. Nyuzi za ndani zilichomoza kwenye mpasuko kama mbavu. Nyingi zilikuwa zimekatika. Nachimuthu alikuwa amezihesabu zilizosalia, akarudia, na hakutaka kuwaambia idadi. Sengottaiyan alijikuta amelinyooshea mkono na kuligusa, jinsi mtu anavyogusa mguu wa mzee anapomwamkia. Wenzake walimwona, na hakuna aliyemtania.

Ndipo ilipokuja skuta ikiyumba, imekaa ringi. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mkoba umemning'inia begani. Alisimama, akamsalimu Nachimuthu, akamwambia ana pancha na ana haraka. Jina lake Thenmozhi, ni mtoa dawa mpya wa zahanati ya kule juu mlimani, na wagonjwa wanamsubiri. Nachimuthu akaingiza skuta kivulini na kuanza kulitoa gurudumu. Mama Povu akampa mgeni kahawa. Themanini, ambaye hakuweza kumwacha mgeni bila habari, akamsimulia kisa chote tangu kona ya thelathini na tisa, pamoja na limau.

Thenmozhi alisikiliza hadi mwisho. Halafu akainama, akaliinua lile tairi upande mmoja, akaligeuza. Ule upande wa pili ulikuwa umeganda matope makavu. Akayakwangua kwa ufunguo wake, bila sababu ya maana, kama mtu ambaye mikono yake imezoea kugeuza kila kopo na kutafuta maandishi madogo.

— Kaka, hizi namba nne ni za nini? aliuliza. Tatu saba moja tatu.

Nachimuthu alikuwa amebana kiraka mdomoni. Akakitoa.

— Ni wiki na mwaka, alisema. Wiki ya thelathini na saba, mwaka...

Hakumaliza. Aliacha skuta, akaja, akapiga magoti. Akalifuta tope kwa kitambaa chake, kisha kwa kiganja.

— Mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, alisema Mwalimu aliyekuwa ameshapiga hesabu. Lina miaka kumi na moja.

— Nimelinunua juzi tu, Sengottaiyan alisema. Miaka miwili. Lilikuwa jipya. Lilikuwa kwenye karatasi linang'aa.

— Lilikuwa halijatumika, Nachimuthu alisema. Si kitu kimoja. Lilikaa dukani kwa mtu miaka tisa, kaka. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Unakauka. Kashata zinabaki ndefu, zinakudanganya wewe, zinanidanganya mimi.

— Lakini ulisema jiwe.

— Jiwe lilikata. Tairi zima lingelihimili jiwe hilo mwaka. Nachimuthu alibonyeza ubavu kwa dole gumba na kuonyesha: nyufa ndogondogo zilifunguka pande zote, nyembamba kama mistari ya kiganja. Mimi ndiye niliyeyavalisha haya. Uliniletea mwenyewe na nikayavalisha namba zikitazama ndani. Miaka ishirini na saba nafanya kazi hii. Sikuzisoma.

Sengottaiyan alitaka kusema si kosa lako, akashindwa, kwa kuwa hakuwa na hakika ni la nani. Yeye ndiye aliyelichagua. Muuzaji alikuwa na matairi ya aina mbili, na haya yaling'aa zaidi. Alikuwa amekagua kashata kwa kucha, akajiona mjanja.

Thenmozhi alikuwa bado ameshika ukingo wa tairi.

— Huwa yanauzwa mawili mawili ya mbele, si ndiyo? aliuliza. Mwenzake yuko wapi?

Mama Povu aliacha kumimina. Watu wanne waliokuwa na jibu la kila jambo tangu asubuhi walikaa kimya, na yule waliyemwita Kimya alikuwa ameshasimama, kikombe kimeanguka, kahawa inakimbia juu ya vumbi.

— Upande wa kulia, alisema. Marudhan amepanda nalo.

Alipiga simu. Haikuita. Kule juu simu hushika mahali pawili tu, kwenye uwanja wa hekalu na nyuma ya shule. Akapiga tena, vilevile.

— Anapakia saa ngapi? Nachimuthu aliuliza, mikono yake imesharudi kwenye gurudumu la skuta.

— Saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu.

— Nitakubeba, alisema Thenmozhi. Naenda hukohuko.

Nachimuthu alikibandika kile kiraka upesi kuliko Sengottaiyan alivyowahi kumwona akifanya chochote. Alijaza upepo, akapima kwa geji, akapima tena. Skuta ilipoondoka, Sengottaiyan aligeuka mara moja tu. Ubao ulikuwa mtupu. Nachimuthu alikuwa amechuchumaa mbele ya lori lililokuwa likisubiri zamu, anafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa. Themanini alikuwa upande wa pili wa lori hilohilo, amevaa miwani ya kusomea. Mwalimu alikuwa amelala chali vumbini na shati lake jeupe, kichwa kiko chini ya kigari chake.

Mlimani kila kona ina kibao chenye namba yake. Sengottaiyan alikuwa amezipita maelfu ya mara bila kuzisoma. Sasa alizisoma zote. Tano. Kumi na moja. Kumi na nane. Thenmozhi aliinamia usukani na kupiga honi kabla ya kila kona. Ishirini na sita. Kwenye thelathini na tisa Sengottaiyan alihisi nyayo zake zikidunda, ingawa chini ya miguu yake hakukuwa na kitu ila kikanyagio cha skuta. Arubaini na nne. Hewa ikawa baridi, ikaanza kunuka majani ya kahawa.

Kwenye kona ya hamsini na mbili aliiona pikapu kupitia miti, juu yao, inashuka. Aliziona nguo za rangi nyuma yake, zimejaa.

— Nishushe hapa, alisema.

Alisimama katikati ya barabara, mikono yote miwili juu. Pikapu ilitokea kwenye kona taratibu. Marudhan alikuwa dereva makini. Alimwona kaka yake na kufunga breki bila ghafla, ikasimama mita chache kutoka kifuani mwake. Sengottaiyan hakumtazama mdogo wake. Alilitazama gurudumu la kulia.

— Kuna nini, kaka? Marudhan aliuliza dirishani.

Wanawake walikuwa wanachungulia juu ya kichwa cha gari. Sengottaiyan, ambaye hata kwenye harusi yake watu walimsemea, alielewa kwamba safari hii hakuna wa kumsemea.

— Shukeni, mama zangu, alisema. Naomba mshuke nyote. Tairi la jana lilikuwa zee, halikuwa jipya. Lilikuwa limekaa dukani miaka tisa kabla sijalinunua. Hili la kulia ni pacha wake. Nililichagua mimi. Sikusoma. Nimewapandisha juu yake miaka miwili na sikusoma.

Hakuna aliyepiga kelele. Walishuka mmoja mmoja, wakipeana mikono. Aliyekuwa mkubwa wao, Karuppayi, mwanamke mwenye nywele nyeupe na pete za fedha vidoleni mwa miguu, alikuja akasimama mbele ya gurudumu.

— Tumeshuka nalo mara ngapi? aliuliza.

Sengottaiyan alihesabu. Siku mbili za soko kila wiki, miaka miwili, ukitoa wiki za mvua kubwa.

— Kama mara mia na themanini, mama.

— Kona sabini kila mara.

— Sabini.

Karuppayi hakuondoa macho kwenye gurudumu. Wenzake walikuwa wamekusanyika nyuma yake, na mmoja, msichana mwenye mtoto mgongoni, akainama na kuligusa tairi kwa ncha za vidole, akauondoa mkono haraka kwa sababu lilikuwa la moto.

— Lifungue, Karuppayi alisema hatimaye. Na lingine ukilinunua, utaniletea nilisome kwanza. Mjukuu wangu atanifundisha namba.

— Nitakuletea.

Wakajitwisha vikapu vyao, magunia wakayaacha garini, wakaanza kushuka kwa miguu. Thenmozhi aliagana na Sengottaiyan na kuendelea na wagonjwa wake. Basi lilipopita Marudhan alidandia, akashuka kumwita Nachimuthu aje na tairi lililosomwa pande zote mbili. Sengottaiyan alibaki peke yake na pikapu. Akaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, akatoa jeki, akalegeza nati moja moja, akalivua tairi. Lilikuwa zima. Halikuwa na jeraha hata moja. Alipobonyeza ubavu kwa dole gumba, kipande cha mpira kilimeguka, kikabaki kwenye kidole chake kama ganda la mkate mkavu.

Alikaa ukingoni mwa barabara, kilicho chini yake ni bonde tu. Muda si mrefu wanawake walitokea kwenye kona ya chini, mstari wa rangi, sauti zao zikimfikia bila maneno. Aliwahesabu. Walikuwa kumi na wanne. Wakapotea nyuma ya ukuta wa mlima, wakatokea tena kwenye kona iliyofuata, wadogo zaidi, na vikapu vyao vidogo zaidi. Akawahesabu tena. Kumi na wanne. Akaendelea hivyo, kona baada ya kona, mpaka macho yake hayakuweza tena kumtenganisha mmoja na mwingine.